Matundu ya Dodo za Mukashyaka

Mukashyaka hajanunua mboga sokoni tangu aolewe, na huna haja ya kumuuliza. Atakuambia mwenyewe kabla hujakaa. Bustani yake iko nyuma ya jiko, kwenye mteremko wa Gisenyi unaotazama ziwa. Humo huota dodo, yaani mchicha, ile mboga ambayo ndugu zetu wa Goma huiita lengalenga.

Balaa lilitoka kinywani mwake. Siku ya ubatizo wa mjukuu, kule Goma, alikaa meza moja na bamwana wake Nyirarukundo, ambaye binti yake ameolewa na Igor, mwana wa Mukashyaka. Wanapendana hao, lakini wana ugomvi mmoja usiozeeka: nani mkubwa. Hakuna aliyeandikiwa siku ya kuzaliwa. Mmoja akisema mlima ulipotema moto yeye alikuwa anatambaa, mwingine atasema yeye siku hiyo alikuwa anakimbia.

Basi Nyirarukundo akainua jani la lengalenga. "Angalia, bamwana. Hakuna hata tundu. Kwetu huku mududu iko na adabu."

"Kwangu mududu hajui hata njia," Mukashyaka akajibu. "Kuya Jumapili ile ingine, uzunguke bustani yangu. Ukipata tundu moja tu, mi nitakuita yaya mbele ya watu."

Yaya, yaani dada mkubwa. Watu wakapiga makofi. Maji yakishamwagika, nani atayazoa?

Siku chache baadaye aliingia bustanini asubuhi akakuta dodo zimegeuka chekecheke. Chini ya kila jani walilala viwavi wa kijani, wameshiba kama wageni wa arusi.

"Yampayinka!" akamaka.

Akamwaga majivu, kama mama yake alivyomfundisha. Upepo wa ziwa ukayarudisha yote usoni pake. Padri akipita njiani akamwambia kwa upole, "Mama, Kwaresima ilikwisha." Akaponda pilipili, akachanganya na maji ya sabuni, akanyunyizia, kisha akasahau na kujikuna jicho. Alishinda siku nzima analia, na viwavi wakaendelea kula, safari hii chakula kikiwa na viungo. Akafungulia kuku. Kuku wakawatazama viwavi, wakawaruka, wakaanza na dodo.

Ikafika Jumamosi. Akampigia simu Gwiza, jirani aliyerudi hivi karibuni kutoka Karagwe, Tanzania, na sasa anaendesha pikipiki ya abiria. Mukashyaka anampenda kijana huyo kwa kuwa humwamkia shikamoo, na shikamoo hupewa mkubwa.

"Gwiza! Kuya mbio! Dodo yangu imejaa matundu, na kesho bamwana anakuya!"

Pikipiki ilikuwa inanguruma. Gwiza alisikia vizuri kila kitu isipokuwa herufi moja, ile ya mwisho ya matundu. Na kule Karagwe, dodo ni embe, lile kubwa la kushika kwa mikono miwili.

Haukupita muda, pikipiki nne zikasimama mlangoni. Gwiza alitangulia na mti mrefu wa kuangulia. Wenzake watatu wakamfuata wamepindua kofia zao za pikipiki kama vikapu.

"Shikamoo, Bibi. Mwembe uko wapi?"

"Mwembe gani?"

"Wa dodo."

"We mutoto, dodo unaikanyaga!"

Gwiza akaangalia chini. Wenzake wakaangalia chini, halafu wakamwangalia yeye.

"Gwiza, ulituambia maembe ya bure."

"Si amesema imejaa matunda!"

"Matundu!" Mukashyaka akapenyeza kidole kwenye jani mpaka kikatokea upande wa pili. "Hii ni matunda? Haya, menya!"

Walicheka mpaka mmoja akakaa kwenye matope. Mukashyaka hakucheka. Akaziangalia zile kofia.

"Bon. Kofia mumekuya nazo wenyewe. Hakuna mutu atatoka hapa na kofia tupu."

Ndivyo viwavi walivyookotwa, mmoja mmoja, kofia nne zikajaa. (Kofia moja haikukung'utwa sawasawa. Abiria aliyeivaa jioni ile alishuka pikipiki ikiwa bado inakwenda.)

Lakini kiwavi akihama hahami na tundu lake. Mukashyaka akatoa amri ya mwisho: kila jani lenye tundu lichumwe. Yakajaa kapu, na bustanini vikabaki vijiti vyenye vijani vichache juu, kama vichwa vilivyonyolewa vibaya.

Jumapili, Nyirarukundo alikuja na kitenge kipya, nywele zimepakwa rangi nyeusi ti. Akavaa miwani, akazunguka.

"Bamwana, hii ni dodo ao ni kuni?"

"We tafuta tundu."

Akainama, akageuza kila kijani. Hakuna. Mukashyaka akakunja mikono kifuani.

Wakaingia mezani pamoja na Igor na majirani. Majani ya kapu yalikuwa yamekatwakatwa na kupikwa na karanga. Na tundu likishapitiwa na kisu, nani atalitambua? Gwiza naye alikuwa amealikwa. Akalamba kidole, akasifu kwa moyo mweupe:

"Bibi, tamu kweli! Kumbe matundu hayaharibu ladha."

Kijiko cha Nyirarukundo kikasimama hewani. "Matundu gani?"

Mukashyaka akamtazama Gwiza kama anavyotazama kiwavi. Kisha akainuka, kwani yeye si mtu wa kula neno lake.

"Nimeshindwa," akasema. "Yaya."

Makofi yakavuma. Nyirarukundo akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Yaya, kuya ukae huku kwa kiti ya bazee," Mukashyaka akaendelea. "Igor, letea yaya muto ya mugongo. Gwiza, anza kuamkia yaya, mi kwake ni katoto. Yaya, nyama si ngumu? Tukupondee?"

Tabasamu likafifia. Nyirarukundo akagusa nywele zake nyeusi.

"Ngoja kwanza, bamwana. Tundu mi nimeliona wapi?"

"Lilikuwako, yaya."

"Sijaona! Donc sikushinda. Niite bamwana!"

Akavuta bakuli, akajipakulia tena, na akatangaza kwa watu wote kwamba tangu azaliwe, tena si zamani sana, hajala dodo isiyo na tundu kama ile.