Fahali Asiye na Hereni

Mama hakuwahi kulaza ng'ombe wake wote zizi moja. Mmoja alikaa kwa mama mdogo, dada yake aliyeolewa ng'ambo ya mto, upande wa Uganda, ili ugonjwa ukiingia boma moja usiwamalize wote. Wengi hapa Malaba hufanya hivyo.

Ndiyo sababu hereni zilipokuja, fahali wetu mnono hakuwepo.

Bei za sokoni zilikuwa zimeanguka, na serikali ikatangaza itanunua yenyewe ng'ombe wa nyama, kwa kilo, kwa bei ambayo madalali hawangeweza kuishusha. Sharti lilikuwa moja: ng'ombe awe wa mfugaji wa hapa, na hereni ya plastiki sikioni. Afisa wa mifugo alipomuuliza Mama ana ng'ombe wangapi, alisema ukweli: watatu, mmoja yuko kwa dada yake ng'ambo. Akaandikiwa wawili, nao wakavishwa hereni.

Siku ya kununua ilinikuta nyumbani. Nilikuwa nimeshuka kwenye lori juzi yake, baada ya mwaka mzima wa kuzunguka nikiwa utingo, nikakuta Mama analala na karai kitandani kwa sababu ya paa linalovuja. Fahali ndiye angekuwa mabati. Tulimfuata alfajiri, tukamvusha mto, tukampeleka kwenye mizani.

Afisa, mwanamke mpole, alipapasa masikio yote mawili.

"Mama, huyu hana hereni. Nitajuaje si wa Uganda?"

"Alizaliwa kwangu. Alikuwa tu amemtembelea mama yake mdogo."

Watu walicheka. Dalali mmoja aliuliza kama amerudi na pasipoti yake. Mama akasema basi afunguliwe kamba, atakwenda nyumbani mwenyewe, kila mtu aone. Nilimnong'oneza aache. Akafungua.

Fahali alisimama kidogo, akanusa hewa, akashika njia ya mtoni.

Nilimkuta amezama maji hadi magotini, anakunywa. Tuliporudi, mizani ilikuwa inafungwa. Dalali yule alitaja bei yake, Mama akakaza kamba ya fahali. Afisa alimwambia pembeni kwamba hereni zitavishwa tena baada ya mvua, kabla ya ununuzi mwingine, lakini amkute fahali anaishi zizini kwake, na majirani nao wataulizwa.

Njiani Mama alitangulia, fahali katikati, mimi nyuma. Jumatatu nilikuwa nipande lori la Mombasa, naye alijua.

"Huyu atavunja zizi," alisema bila kugeuka. "Miguu yangu haiwezi tena kumfuata." Tulitembea kidogo. "Nyinyi wawili kaeni nyumbani mvua hii moja tu."

Nikampigia dereva simu, nikamwambia atafute mtu mwingine.

Fahali alitoroka mara tatu. Mara zote nilimkuta kwa mama mdogo, fahali akilamba chumvi kiganjani mwake, na mimi nikawekewa chai. Usiku nilihamisha karai, kitanda cha Mama nacho kikahama. Afisa alipokuja kumvisha hereni sikio moja, Mama alishika lile lingine, akalisugua, akamwambia fahali kwamba inauma kidogo tu.

Siku ya kumuuza, mama mdogo alivuka mto na chumvi kiganjani. Fahali aliilamba yote.

Mabati mapya yana kelele. Mvua ikinyesha Mama hulalamika hasikii redio, na mimi huisogeza karibu na sikio lake.