Beleshi la kukunja lililomnyima Rogath zamu ya maji

Saa kumi na mbili asubuhi, Rogath anatoka kihambani, kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba yake, Uru, chini ya Kilimanjaro, na kushika njia ya kuteremka mjini. Begi liko mgongoni, limelegea, halina kitu cha maana ndani. Beleshi liko begani.

Beleshi lenyewe ni dogo, la kijani, la kukunja. Ukilegeza nati iliyo shingoni, bapa linalalia mpini na kitu kizima kinaingia kwenye begi bila mtu kujua. Lakini leo Rogath amelinyoosha lote. Kwa kuwa mpini ni mfupi, inambidi ainue kiwiko ili likae begani. Anatembea kama mtu mwenye jipu kwapani.

Mama Hilda anakata majani ya ng'ombe kando ya njia. Anatazama beleshi kwanza, halafu ndiyo anatazama uso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo umelitoa nje."

"Nimelitoa, mama. Kila mtu alione."

Mama Hilda anarudi kwenye majani yake, ila mundu umesimama mpaka Rogath apite. Nyuma kidogo anakuja mke wa Rogath, Mektrida, ambaye majirani humwita Mama Doris. Yeye anasalimia kwa sauti ndogo na kupita upesi. Wanakwenda Soweto, mtaa wa mjini, kwa fundi wa kuchomelea, kwa kazi ambayo fundi ataikataa kabla ya kuikubali.

Haya yanaandikwa ili wazazi wengine wayasikie mapema. Siku hizi kila kijana anayepanda mlima anataka beleshi la namna hii. Wanaliona kwenye simu, wanaambiwa ukiwa nalo porini hufi. Basi ni vizuri wajue lilichofanya kwenye nyumba moja ya Uru, mazuri yake na hayo mengine.

Rogath ana miaka thelathini na tisa. Ni mgumu, ndivyo wapagazi wa Kilimanjaro wanavyoitana. Kazi yake ni mahema. Anatangulia kambini, na wageni wakifika wanakuta pa kulala pamesimama. Kwenye geti la kupandia mlima mzigo unapimwa, usizidi kilo ishirini, na ukizidi mtu anapunguza vitu vyake mwenyewe. Miezi ya masika safari hazipo. Anarudi kwenye migomba na kahawa, kama baba yake.

Beleshi alipewa na mgeni, mzee wa Kizungu aliyemaliza safari na kugawa vitu vyake getini. Wenzake walikimbilia koti na viatu. Rogath akachukua beleshi.

"Walinicheka sana," anasema. "Waliniuliza kama nimechoka kubeba, sasa nataka kulima."

Kicheko kiliisha mvua za kwanza ziliponyesha. Kambi nyingi ziko mahali pa mteremko, na hema likisimama mahali pabaya maji yanapita chini ya mgongo wa mtu. Rogath alisawazisha ardhi, akachimba kijifereji upande wa juu, maji yakazunguka hema na kwenda zake. Bapa akiligeuza nusu na kukaza nati, linakuwa kama jembe. Kule juu kabisa alivunjia barafu ya kuyeyusha kwa ajili ya chai. Wenzake walianza kuliazima, na yule asiyelirudisha safi aliambiwa maneno.

Siku iliyompa jina ilikuwa ya vuli, mwaka jana. Walikuwa wawili, yeye na Thadeus wa Kibosho, wanateremka na mahema kati ya kambi za Lava Tower na Barranco. Thadeus akakanyaga jiwe lililolegea. Kifundo cha mguu kikavimba pale pale. Mvua ikageuka mvua ya mawe, ukungu ukafunga, na waliotangulia hawakusikia wakiitwa.

Kumwacha mtu aliyelowa peke yake ni kumwacha agande. Kusimamisha hema haikuwezekana, upepo ulikuwa mkali na hapakuwa na tambarare. Rogath akapiga magoti nyuma ya mwamba akaanza kuchimba. Alitoa udongo uliolowa mpaka akafika kwenye mchanga mkavu, akautupa upande wa upepo na kuushikiza kwa mawe. Akakata mfereji juu yake ili maji yapite pembeni. Shimo lilipotosha watu wawili kukaa, akamvuta mwenzake.

"Mimi nilidhani ananichimbia kaburi," anasema Thadeus, ambaye sasa amepona na amerudi kazini. "Nikamwambia, Rogath, ngoja kwanza nife."

Wakajifunika turubai la hema na kukaa wameegemeana mpaka wenzao waliporudi na machela.

Hapa mzazi asome polepole. Katikati ya kuchimba, nati ililegea. Bapa likajikunja lenyewe na kumbana Rogath kidole cha shahada. Ukucha ulitoka, na ulioota baadaye umepinda mpaka leo. Yeye mwenyewe anasema bila lile turubai, na bila koti kavu lililokuwa kwenye begi, shimo lingekuwa shimo tu, wangekutwa ndani yake wawili. Kijana anayeacha koti nyumbani ili abebe beleshi amejidanganya.

Na yanayouzwa vibandani mjini ni mengine kabisa. Yana filimbi, yana dira ndani ya mpini wa chuma. Mwenzao mmoja alinunua, likapinda kwenye jiwe la kwanza. Rogath alikwenda kuyatazama.

"Nikashika lile lenye dira. Nikageuka kulia, dira ikageuka na mimi. Nikamwambia muuzaji, kaka, hii dira inanifuata mimi, nami ndiye niliyepotea."

Kama simulizi lingeishia hapo, lingekuwa la kumpongeza. Lakini Rogath alishuka mlimani na beleshi lake, akalileta kwa watu wa mfongo.

Mfongo ni ule mfereji wa zamani unaotoa maji kwenye kijito huko juu na kuyaleta vihambani. Kila nyumba ina zamu yake. Mwenye zamu anakwenda kufungua banio, pale maji yanapozibwa na kuachiwa, na jembe begani, mchana, akisalimia kila anayekutana naye. Asiye na zamu hapiti njia ile na jembe. Hakuna mlinzi wala kufuli, kila mtu ni macho ya mwenzake. Na kwa desturi anayegusa banio ni mwanamume. Mwanamke ambaye mume hayupo anaomba shemeji au jirani amfungulie.

Jumamosi moja baada ya sala ya jumuiya, watu wakiwa kwenye chai, Rogath aliombwa asimulie habari ya Thadeus. Akasimulia vizuri, akalitoa beleshi begini wote walione. Akasema linachimba bila kishindo. Akawaonyesha meno ya msumeno upande mmoja, yanayokata mizizi. Halafu, kwa furaha yake, akalikunja na kulirudisha begini, akasema hivi ndivyo unavyopita nalo popote na hakuna anayejua.

Vijana walipiga makofi. Wazee hawakupiga.

Mzee Primus, mwenyekiti wa mfongo, aliomba alishike. Akalifungua, akalikunja, akalifungua tena. Kisha akamrudishia.

"Mwanangu, kitu cha kuchimbia ambacho kinajificha," alisema, "huku kwetu unakitaka cha nini?"

Rogath alicheka. Alidhani ni utani.

Januari jua lilikuwa kali na maji yalipungua. Asubuhi moja watu wa chini walikuta mfongo umekauka wakati wa zamu yao. Walipofuata ukingo kwenda juu wakakuta umekatwa, na maji yameingia kihambani kwa Rogath, kwenye miche yake mipya ya kahawa. Jembe hukata pana na kubomoa. Hapa palikatwa pembamba, safi, na mizizi ya nyasi ilikuwa na alama za meno.

Hakuna aliyeuliza ni nani. Kina mama waliokuwa wakimwazima Rogath vitu walianza kuvitaka virudi. Wengine walikumbuka kwamba tangu aje na lile begi hawajawahi kuona ndani yake kuna nini. Hata waliojua kwamba siku hiyo alikuwa mlimani walisema mlima si mbali kiasi hicho kwa mtu aliyeuzoea.

Aliporudi aliitwa penye banio. Walikuwepo wakubwa wa mfongo na majirani wengi, na Mektrida alisimama nyuma pamoja na wanawake. Mzee Primus alichukua beleshi akalitia kwenye ule mkato. Likaingia kama limepimwa.

Rogath alijitetea vizuri. Alisema yeye alikuwa mlimani na kundi zima ni shahidi. Wakamwambia mtu anaweza kuwa mlimani, lakini beleshi hili ndilo lililokata. Naye akajibu haraka, kama mtu aliyepata mlango wa kutokea, kwamba safari hiyo hakulibeba. Mzigo ulikuwa umekaribia kuzidi kilo za getini, akajua mapema na kuliacha nyumbani.

Hapo ndipo alipoelewa amesema nini.

"Nyumbani lilibaki na nani?" akauliza Mzee Primus.

Rogath hakugeuka kutazama nyuma.

Mektrida ndiye aliyesogea mbele. "Ni mimi, baba," alisema. "Baba Doris hajui kitu. Alikuja akakuta miche imelowa, akadhani nimefunguliwa zamu."

Akaeleza. Zamu yao iliangukia siku ambazo mume hayupo. Alimwomba shemeji yake afungue, akasema atakuja, hakuja. Zamu iliyofuata akamwomba tena, ikawa vile vile. Miche ilikuwa inakauka, naye alikuwa anabeba ndoo kutoka bombani mpaka mgongo ukakataa.

Mzee Primus alimwuliza kwa nini hakuja kwake.

"Nilikuwa na hasira, baba. Lakini nisikufiche. Kama nyumbani kungekuwa na jembe tu, nisingekwenda. Ningepitaje na jembe mbele ya Mama Hilda? Hili nililitia katikati ya mzigo wa majani. Nilisalimia watu wote, wakaniitikia."

Maneno hayo ndiyo yaliyowauma wengi. Mama Hilda mwenyewe anakumbuka alivyomwitikia, na alimwambia pole na mzigo.

"Sasa kila anayepita na majani natazama mzigo," anasema. "Sipendi kuwa hivyo. Lakini natazama."

Mektrida alifanya kama desturi inavyotaka. Alikata jani la sale, akalifunga fundo, akampelekea Mzee Primus mikononi, maana anayeletewa sale hatakiwi kumkatalia mtu msamaha. Na nyumba yao ikapika mbege, pombe ya ndizi, ya kuwanywesha watu wa mfongo. Shemeji naye alisemwa, kwa haki kabisa. Mzee Primus alitangaza kwamba mwanamke ambaye mume yuko mlimani atamfungulia yeye mwenyewe, mwenyekiti, asihangaike na shemeji.

Lakini zamu yao, waliyonyang'anywa siku ile penye banio, hawakurudishiwa.

"Sale nimepokea, mbege nimekunywa," Mzee Primus anasema anapoulizwa. "Mama Doris nimemsamehe, ni mtoto wangu. Hiyo kitu ndiyo sijasamehe. Maadamu inajikunja, wasubiri."

Rogath alishauriwa aliuze beleshi. Alikataa, na sababu yake ina uzito. Amwuzie nani? Kijana wa nyumba nyingine, kwenye mfongo mwingine? Tena masika yanakuja, na safari za mwisho kabla ya mvua ndizo mbaya. Thadeus amesema hatangulii kambini na mtu wa mahema asiye na beleshi.

Ndipo alipopata wazo hili la leo.

Kwa fundi, Soweto, cheche zinaruka mpaka barabarani. Fundi anaitwa Jesse, ni kijana mchangamfu, ana miwani nyeusi iliyopandishwa kwenye paji la uso. Analipokea beleshi, analikunja na kulikunjua, anapiga mluzi.

"Hapa panachomelewa nini, braza? Mbona zima?"

"Hapo shingoni. Lizibe, lisikunjike tena."

Jesse anakataa. Anasema hiyo ni kuharibu kitu kizuri, na kesho mwenyewe atarudi kulia. Anajitolea kulinunua kama lilivyo. Rogath anamwonyesha kidole chenye ukucha uliopinda. Jesse anatikisa kichwa, anasema nati mpya inatosha. Mektrida anasema, "Mwanangu, choma."

Jesse anashusha miwani.

Wanageuza nyuso moto ukiwaka. Rogath anaeleza mipango yake akiwa ametazama ukutani. Keshokutwa anapanda mlima. Beleshi halitaingia tena kwenye begi, kwa hiyo atalifunga kwa nje, wima, na kiongozi wa wagumu akilalamika atampa habari yote. Akishuka, atalipeleka mwenyewe kwa Mzee Primus alijaribu kwa mkono wake. Anataka zamu irudi kabla ya masika, miche iliyobaki ishike mizizi. Ni chini ya nusu ya ile aliyopanda.

Wapo wasioridhika. Mama Hilda anasema kilichochomelewa kinaweza kukatwa, na vibandani yamejaa mengine. Hilo ni kweli. Mama mwenye kijana wa mlimani na atazame leo ndani ya begi lake.

Jesse anatumbukiza chuma kwenye ndoo, maji yanachemka kidogo na kutulia. Rogath anajaribu kulikunja, halikunjiki. Analiweka chini ya kiatu, anavuta mpini kwa mikono miwili. Limekataa. Anampa mkewe.

Mektrida anajaribu naye, mara moja, kwa nguvu zake zote. Kisha hamrudishii. Analiweka begani, anainua kiwiko juu, na wanaanza kupanda kurudi Uru, yeye akiwa mbele.