Chupa Mbili za Mama Zuhura

Siku niliyoripoti wodi ya watoto hapa Songea, Matroni, yaani muuguzi mkuu wetu, hakunikabidhi sindano. Alinikabidhi chupa mbili tupu za bia, mimi binti wa Peramiho niliyelelewa na masista.

"Nusu lita na nusu lita," akasema. "Paketi moja ya chumvichumvi, ile dawa ya kuharisha, chupa mbili za maji yaliyochemshwa. Wafundishe akina mama hivyo hivyo."

Nikafundisha miaka. Watoto wa kuharisha walipona, nami kichwa kikanivimba.

Kisha biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa vitu vya nje. Ndipo Mama Zuhura wa Bombambili aliporudi, siku ya tatu baada ya kumfundisha, na mwanawe wa mwaka na nusu. Mtoto alikuwa na utapiamlo tangu mwanzo, miguu imevimba. Sasa hata macho yalikuwa yamezama, na kila kijiko alikitema. Niliogopa kweli, tulikuwa tunampoteza.

"Hukufuata maelekezo," Matroni akamfokea mama.

"Nimefuata, mama. Chupa mbili, kama dada alivyosema." Akaitoa moja kikapuni, bado ina maji.

Ilikuwa chupa ya bia ya nje, fupi. Nikaonja: chumvi tupu, kuliko machozi. Tukapima kwa jagi la wodi, na chupa mbili za namna ile hazikufika lita.

"Nani alimfundisha?"

"Mimi, Matroni."

Akaliweka jagi mezani. "Na wewe nilikufundisha mimi." Akamgeukia mama. "Tusamehe, mwanangu."

Tukachanganya upya. Nilikaa na Zuhura kutwa, kijiko kwa kijiko. Alasiri akakishika kijiko mwenyewe, kisha akanikojolea sare yote. Mkojo maana yake maji yameingia mwilini. Matroni, mwanamke asiyecheka, akapiga vigelegele wodini.

Uji wa karanga ukafuata, na uzito wake kwenye kadi ya kliniki ukapanda kutoka nyekundu hadi kijani. Chupa tukaziacha. Kila mama alikuja na chombo chake, tukamimina lita moja, nami nikakwaruza alama kwa msumari. Ninyi wauguzi vijana, mama akisema amefuata, msimfokee. Ombeni kwanza chombo chake.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, hotuba zilikuwa ndefu, sikumbuki hata moja. Nakumbuka dada mrefu mwenye mtoto mgongoni, aliyepiga goti mbele yangu.

"Shikamoo, bibi. Mimi Zuhura." Akatoa jagi la bluu lililopauka. "Mama alinipa nilipoolewa. Huyu wangu aliharisha majuzi, nikapimia humu, akapona."

Nikalipapasa ubavuni kwa kidole. Alama yangu ya msumari ilikuwa palepale.