Lavonia Tibbs, msafishaji aliyegeuka mlinzi wa bwawa la maboga

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi ya mwisho wa Oktoba. Nje bado kiza, na baridi inauma masikio. Ndani ya jengo la bwawa la kuogelea la bustani ya Ellery, magharibi mwa Chicago, Lavonia Tibbs amesimama pekupeku juu ya vigae, suruali ameikunja hadi magotini, anapokea boga.

"Hili zito," anasema Cleophus Rudd, dereva wa lori, akimkabidhi.

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo."

"Mwaka jana nilikuwa na mgongo. Sasa hivi nina kitu kinachofanana na mgongo."

Lavonia analitia boga kwenye beseni, analisugua udongo kwa brashi, anabonyeza kikonyo kuona kama limeoza. Halafu anachuchumaa na kulisukuma majini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Boga linazama nusu, linaibuka, linaanza kuzunguka.

Bado mia tatu na kumi na tisa.

Ni wikendi ya Halloween, sikukuu ya maboga na kutishana, na mji mzima umevaa vinyago. Katikati ya jiji kuna maandamano ya mizimu, kuna kumbi za kutisha ambazo watu hupanga foleni ili wakapige mayowe. Huku kwao wazazi wanapenda watoto wawe nyumbani kabla jua halijatua, kwa hiyo sherehe ya mtaa huanza asubuhi. Barabara inafungwa, kwaya ya kanisa la jirani inaleta ngoma zake, watu wanafungua buti za magari na kugawa peremende. Na ndani ya bwawa watoto wanaogelea kwenda kuchuma maboga.

Lavonia, mwenye umri wa miaka 57, ndiye mlinzi mkuu wa waogeleaji wa bwawa hilo siku za wikendi. Analipwa dola kumi na tisa kwa saa. Jumatatu hadi Ijumaa anapika katika shule moja ya msingi, kwa sababu, anavyosema mwenyewe, "bwawa linalipa umeme, shule inalipa kila kitu kingine."

Ukimwona juu ya kiti chake kirefu, firimbi mdomoni na kofia ya kijani yenye umbo la kikonyo cha boga kichwani, utadhani alizaliwa majini. Sivyo. Hadi alipofikisha miaka arobaini na minne, Lavonia hakuwahi kuingia katika maji yaliyopita kina cha beseni la kuogea.

"Mama yangu alikuwa na msemo," anasimulia. "Alikuwa anasema, maji hayajui jina lako. Basi. Hakuna mtoto wake aliyeogelea. Tulikuwa saba."

Aliingia katika jengo hili kama msafishaji. Kwa miaka kumi na moja alideki vyumba vya kubadilishia nguo na kuokota soksi. Wenzake walimtania kwamba anapita mbali na ukingo wa bwawa kama paka.

Siku moja ya Julai, miaka kumi na mitatu iliyopita, msichana wa miaka mitano aitwaye Keyonna aliteleza upande wa kina kirefu. Mlinzi wa zamu alikuwa upande wa pili, akimhudumia mtoto aliyekuwa akitokwa damu puani. Aliyeona ni Lavonia, na dekio lake mkononi.

"Watu hudhani mtu anayezama hupiga kelele," anasema. "Hapigi. Anakuangalia tu. Na mimi nikamwangalia. Miguu iligoma, sikuweza kuruka. Nikalala kifudifudi pale ukingoni nikanyoosha mpini wa dekio. Nikamwambia, shika, mama, shika. Akashika."

Alipewa cheti na keki. Watu walimpigia makofi. Yeye alirudi nyumbani akakaa jikoni bila kuvua sare ya kazi.

"Nilikuwa nahesabu urefu wa ule mpini. Kama mtoto angekuwa mbali zaidi kwa mkono mmoja tu, ningelala pale nikimtazama anakufa. Watu wananiita shujaa, na mimi ndiye peke yangu ninayejua kwamba niliogopa."

Wiki iliyofuata alijiandikisha katika darasa la wanaoanza kuogelea. Wanafunzi wenzake walikuwa na miaka sita. Walimfundisha kupuliza mapovu.

Ilimchukua miaka miwili kufika kwenye mtihani wa ulinzi. Mtihani wenyewe ni kuogelea mita mia tatu bila kusimama, kisha kuzamia hadi sakafuni na kutoka na tofali la kilo nne na nusu. Mita mia tatu aliziweza. Tofali lilimshinda mara mbili.

"Mara ya kwanza sikulifikia. Mara ya pili nililifikia nikaliacha, nikaibuka mikono mitupu. Cleophus alikuwa amekaa pale kwenye benchi. Akaniambia, Vonnie, si ungebaki nalo hukohuko chini, mngezoeana."

"Nilikuwa nakutia moyo," anajitetea Cleophus, akishusha boga jingine.

"Ulikuwa unakula soseji na kucheka."

Mara ya tatu alitoka nalo. Tofali hilo liko nyumbani kwake hadi leo, linazuia mlango wa jikoni usijifunge. Keyonna naye ana miaka kumi na minane na ameanza chuo mwaka huu. Kila Julai humtumia Lavonia ujumbe wenye neno moja: Nimeshika.

Saa nne milango inafunguliwa. Wanaingia nyuki, mifupa, malaika wawili wanaogombana, na mtoto mmoja aliyevaa kama taa za barabarani. Rangi za usoni ni lazima ziondolewe kwanza, maana huchafua maji, na hapo ndipo vilio huanza. Wanaingia majini thelathini kwa zamu, wasiojua kuogelea wakivalishwa majaketi ya kuelea. Firimbi inalia, na bwawa linachemka kwa miguu.

Kwa wanaoogopa, au wanaokatazwa, Lavonia hupanga maboga thelathini hivi kwenye nyasi za plastiki mbali na ukingo. Wazo hilo ni lake. "Hakuna mtoto anayetoka hapa mikono mitupu," anasema.

Kwenye benchi karibu na maboga hayo ameketi Bibi Earnestine Gaddis, mwenye miaka 73, na koti lake zito amelifunga vifungo vyote, mkoba mapajani. Huu ni mwaka wa nne anamleta mjukuu wake Zariah, mwenye miaka minane, na mwaka wa nne wanakuja upande wa nchi kavu. Hajavaa vazi lolote la sikukuu.

"Mimi nina uso wangu tayari," anamjibu mwandishi wa makala haya anapomuuliza. "Mtu wa kumwogopesha nitamwogopesha hivihivi."

Lakini mwaka huu Zariah hataki boga la nyasini. Amesimama mbele ya bibi yake katika vazi la popo, mikono kiunoni.

"Shuleni wananiita Boga Kavu."

"Nani?"

"Wote."

"Basi waambie bibi yako anapenda boga kavu. Halichuruziki kwenye gari."

"Bibi, hata watoto wa miaka minne wako mle."

"Na mama zao watawalilia wao. Chagua boga, mjukuu wangu, twende tukanywe juisi ya tufaha ya moto."

Zariah hachagui. Anakaa chini kwenye vigae, mabawa yamemkunjamana, anageuza uso ukutani. Halii. Lavonia, ambaye zamu yake ya kiti kirefu imechukuliwa na mwenzake, anasogea na kuketi benchi moja na bibi.

"Najua unachotaka kuniambia," anasema Bibi Gaddis.

"Sijafungua mdomo, mama."

"Unataka kuniambia maji si mabaya."

"Maji ni mabaya sana. Mimi nayalinda kila wiki, nayajua."

Bibi anamgeukia. Pengine hakutarajia jibu hilo. Anaweka mkoba kando, na anaanza kusema polepole, macho yakiwa bwawani.

Alizaliwa Mississippi. Mjini kwao palikuwa na bwawa moja, la watu weupe tu; weusi hawakuruhusiwa. Yeye na dada zake walikuwa wakisimama nje ya uzio wa waya wakitazama. "Tuliwaona watoto wanatoka wanatetemeka, midomo ya bluu, wanakimbilia taulo. Nikawa najiambia, afadhali, lina baridi lile. Lina baridi kali. Nilijiambia hivyo kila Jumamosi."

Alipokuwa na miaka kumi na mitatu sheria ikabadilika. Sasa kila mtu aliruhusiwa kuingia. Mama yake aliwashonea nguo za kuogelea, yeye na dada zake, kwa kitambaa cha pazia.

"Tukaamka asubuhi tukaenda. Tukakuta malori. Walikuwa wanalijaza udongo, lile bwawa. Udongo juu ya maji, yakawa tope, wakamwaga tena. Waliona bora wakose wote kuliko tuoge pamoja. Mama akatushika mikono tukarudi. Zile nguo alizikata akafanya vitambaa vya kufutia vyombo."

Kwaya inasikika kutoka nje. Lavonia anauliza, "Kwa hiyo hujawahi kuingia?"

"Sikuingia. Baadaye nikawa na watoto, nikaogopa. Nikasema hasira, lakini ilikuwa woga. Mtu ukikataliwa kitu muda mrefu, unaanza kukiogopa kama vile wewe ndiye uliyekikataa."

Zariah amegeuka. Amesikia yote.

"Bibi," anasema, "hili halina udongo."

Bibi Gaddis anamtazama mjukuu wake, anatazama bwawa. Kisha anaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, kutoka juu.

"Kama ataingia, naingia naye," anamwambia Lavonia. "Kama ni kufa, tufe wawili, mchungaji afanye ibada moja."

"Hapa leo hafi mtu, mama. Maji yenyewe yatakufika kiunoni."

Lavonia anamtafutia kabatini fulana na kaptula za wafanyakazi, kubwa zaidi zilizopo. Bibi anatoka chumba cha kubadilishia nguo akiwa amevalishwa jaketi la kuelea la rangi ya machungwa, kofia yake ya kanisani bado kichwani. Amekataa kuivua, na hakuna aliyethubutu kumlazimisha.

Kuna ngazi tano za kuingilia. Lavonia anatangulia, anashuka kinyumenyume, mikono ameinyoosha mbele. Zariah yuko kando. Ngazi ya kwanza bibi anaikanyaga na kuganda. Watoto wameanza kuona. Kelele zinapungua, zinapungua, hadi inasikika pampu ya maji.

Ngazi ya pili. Ya tatu. Vidole vyake vimelishika bomba la ngazi kiasi kwamba mishipa imesimama.

"Bibi, chukua lile kubwa," mtoto mmoja anapaza sauti kutoka mbali.

"Wewe nyamaza. Sijakuomba ushauri."

Kicheko kinazuka, na katikati ya kicheko hicho anashuka ngazi mbili zilizobaki kwa mpigo, pengine ili asipate muda wa kufikiri. Maji yanamfika kiunoni. Anasimama. Anafumba macho. Lavonia amemshika viganja, anasubiri.

"Ni vuguvugu," anasema Bibi Gaddis.

"Ndiyo, mama."

"Mbona hakuna aliyeniambia ni vuguvugu?"

Lavonia alitazama pembeni kidogo, kwa sababu bibi yule alikuwa akilia na hakutaka kuonekana analia, na wote wawili walikuwa na nyuso zilizolowa, kwa hiyo haikuwa kazi ngumu.

Walikaa majini dakika ishirini. Zariah alijisukuma na jaketi lake hadi katikati, akirusha miguu vibaya mno, akarudi na boga dogo lililopinda kama ndizi. Bibi naye lilimsogelea boga moja lenyewe, akalikumbatia kifuani, akakataa kulitoa majini hadi mwisho wa zamu. Cleophus alipomwambia kwamba ana deni la boga jingine kwa kukalia nafasi ya watu wawili, alimjibu kwamba ana umri wa kumchapa.

Saa tisa alasiri bwawa limebaki na majani mawili matatu yanayoelea. Lavonia anayaokota kwa wavu wa mpini mrefu. Mabega yanamuuma, anakiri, na magoti si yale ya zamani. Amebakiza miaka mitano kabla ya kustaafu.

Kabla ya hapo ana jambo moja analolitaka. Anataka kuanzisha darasa la kuogelea la watu waliovuka miaka sitini, Jumamosi asubuhi kabla milango haijafunguliwa, bila watoto wa kuwacheka. Msimamizi wake amekubali, kwa sharti kwamba wapatikane wanafunzi wanane. Hadi Jumamosi hiyo asubuhi alikuwa na majina sita. Mchana Cleophus aliandika lake, akidai ni kwa ajili ya mgongo.

Na Bibi Gaddis?

"Nilimpa karatasi pale mlangoni," anasema Lavonia. "Akasoma mbele, akasoma nyuma. Akaniambia yeye haweki sahihi kwenye makaratasi ya watu. Akamshika Zariah mkono, wakatoka. Halafu akarudi peke yake, akachungulia mlangoni, akasema, Jumamosi asubuhi huwa sina kazi. Akaenda zake."

Lavonia anatoa karatasi mfukoni, imelowa pembeni. Kwenye mstari wa nane kuna jina, limeandikwa kwa mwandiko mwepesi.

"Nimemwandika kwa penseli," anasema. "Darasa linaanza Januari. Akija, atapitisha wino mwenyewe."