Upana wa Barabara ya Magogo

Jumapili ndiyo siku yetu ya kutembea, mimi na mke wangu, kwa kuwa sisi ni Wasabato, Jumamosi ni ya kanisa, na siku nyingine tano zinaliwa na ofisi mjini Kisii. Daktari alisema nitembee. Nami nimechoka na lami, nimechoka na honi za bodaboda, basi tukaanza kutafuta barabara zilizosahaulika. Juu ya Nyamarambe tulipata moja nzuri. Zamani ilipitisha malori ya magogo, kisha ikaachwa, na sasa ina nyasi na kivuli cha msitu.

Mwisho wa msitu barabara hiyo iliingia shambani kwa mtu. Migomba ilisimama katikati yake, na nyuma ya migomba nyumba ya mabati. Huku kwetu ardhi haiachwi ilale, hilo nalijua tangu utotoni. Lakini nilitaka kuwaambia wenzangu wa ofisini njia ilivyokuwa pana, kwa hiyo nikapima kwa hatua, ukingo hadi ukingo, nikaandika kwenye simu, nikapiga na picha.

"Baba watoto, wacha kupima shamba ya watu," mke wangu alisema. Nilicheka tu.

Tuliporudi baada ya wiki mbili, migomba yote ilikuwa chini. Mikungu ilirundikwa mlangoni, mingine michanga hata ng'ombe angeidharau. Mwenye shamba, mjane wa makamo ya mama yangu, alitoka akatuwekea viti viwili. Mke wangu alimsalimu kwa Kigusii. Yeye akajibu kwa Kiswahili, kile cha kuongea na serikali.

"Ndizi nimetoa yote, trekta isisumbuke. Sasa nyumba itaenda lini?"

Nilikaa, nikamweleza kwamba hakuna barabara inayokuja, na sisi hatukutumwa na mtu, tunatembea tu.

"Mnatembea mnaenda wapi?"

"Hakuna mahali, Mama. Ni kupumzika."

"Na ile siku ulikuwa unapima."

"Nilikuwa napima tu."

Niliona aibu, na uchovu wote wa wiki ukanirudia mara moja. Mke wangu hakunitetea. Yule mama alivitazama visiki vya migomba yake, kisha akahamia Kigusii, sauti ikashuka, kama anayeongea na watoto wake mwenyewe.

"Basi ningengoja zikomae," alisema.