Chumvi ya Fundi Cherehani

Wiki ya sikukuu wifi yangu humwoni uso, unaona kisogo tu. Ni fundi cherehani, na sebule yake siku hizo haina pa kukalia: gauni la watu juu ya kochi, suruali zisizo na pindo zimening'inia mlangoni, pini hadi kwenye zulia. Wateja huja wote kwa pamoja, kila mmoja akiapa kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Mimi huenda kumsaidia kushona vifungo. Kaka yake, ambaye ndiye mume wangu, huwa kazini, na nyumbani peke yangu nigombane na nani?

Mwaka huu kulikuwa na jambo zito kuliko nguo. Baba yao alikuwa amelala chumba cha nyuma, anaisha. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba hampasui mtu dhaifu namna ile. Ale, apate nguvu, arudi kupimwa baada ya sikukuu. Asipoongezeka, hakuna upasuaji. Lakini mzee akiletewa uji, umepoa. Akiletewa wali, ameshiba. Ameshiba nini, hewa?

"Labda amechoka na mapishi yangu," wifi aliniambia, mguu haujatoka kwenye cherehani. "Ni yale yale tangu mama atutoke."

Basi mteja mmoja, mwalimu, akiwa amenyoosha mikono anapimwa kifua, akamwelekeza kuku wa kulowekwa kwenye maziwa mgando kwa tangawizi na kitunguu saumu, kisha aive kwa moto mdogo. "Mama mkwe alikuwa hali kitu," alisema, "lakini kwa huyo kuku alilamba sahani." Wifi akamwacha mwalimu na tepu shingoni, akatoka mbio kwenda kununua kuku. Wiki ya sikukuu, jamani! Nilidhani akili zimemruka.

Alipika huku anashona. Anageuza vipande, anakimbilia pindo, mteja anagonga, anarudi jikoni. Nikamwona anatia chumvi, halafu anatia tena.

"Wifi, si umeshatia?"

"Niache. Unakata kikubwa kwanza. Kupunguza kupo, kuongeza hakupo."

"Hicho ni kitambaa. Huyu ni kuku."

"Wewe shona vifungo."

Nikashona vifungo. Fundi habishaniwi nyumbani kwake.

Hakuonja hata tone. Kuku alipoiva, mteja alikuwa anapiga kelele mlangoni, kwa hiyo alipakua haraka akampelekea baba yake, nami nikamfuata nyuma. Mzee akainuka kitandani kwa kujikongoja. Akala kijiko, akatafuna sana, akameza. Akala kingine. Akala na cha tatu, sisi tumesimama kama watoto wanaosubiri matokeo ya mtihani.

"Leo umeweza, mwanangu," akasema. "Chumvi imekaa mahali pake."

Wifi alitoka mle chumbani mtu mwingine kabisa. Yule mteja aliyekuwa akifoka akaambiwa aje kesho, tena kwa kicheko. "Umeona?" akaniambia. "Si nilikwambia ni mapishi? Ataongezeka huyu!" Akanipakulia na mimi.

Nikatia tonge mdomoni, tonge likarudi lenyewe. Ilikuwa chumvi tupu, ya kukaushia samaki. Nikaangua kicheko, maana zamu yangu ya kumsimanga ilikuwa imefika.

"Haya fundi, punguza sasa tuone!"

Akachovya kidole kwenye mchuzi, akalamba. Hakucheka. Alikaa juu ya gauni la watu, pini na yote, akautazama mlango wa chumba cha nyuma.

Kicheko kikanikauka. Mzee alikuwa hasikii tena ladha ya kitu chochote. Uji, wali, kuku, kwake vyote vilikuwa karatasi ya kutafuna, na vile vijiko vitatu alikuwa amejilazimisha kwa kumhurumia binti aliyeacha kazi za watu akaingia jikoni. Hapakuwa na pishi jingine la kwenda kuuliza. Iliniuma.

"Mwanangu!" mzee akaita kule ndani, kwa sauti ya kujikaza. "Kesho unipikie hiki hiki."

Wifi akajifuta uso kwa kipande cha bitana.

"Sawa, baba," akajibu. "Nitapika."