Ufunguo wa Sukari ya Matanga

"Mama Pétronille, weye unalambaka sukari na jicho?"

Ndivyo Kavira, jirani yetu wa kutoka Butembo, alimuuliza mbele ya wamama wote wa kanisa. Siye tukainamisha vichwa kama watu wa kuomba, asituone tunacheka.

Pétronille alikimbia vita kule Djugu na sufuria moja na Biblia, akafikia kwetu Shari. Yeye iko na ugonjwa wa sukari, lakini ni yeye tulimupa ufunguo wa sanduku ya sukari ya chai ya matanga. Wengine walisema tumemupa paka kuchunga samaki. Hapana. Mu vita hii matanga haziishi, na kwake sukari haikupotea hata kijiko. Ufunguo ule aliuvaa shingoni, akajivunia nao kuliko kitambaa cha ibada.

Kisha macho yakaingia ukungu. Muganga wa macho akamudunga sindano pembeni ya jicho. Akaanza kuona vizuri, hata akaona uchafu wa mapazia ya Kavira, akamwambia. Juma ile ile, infirmier Nicolas, muuguzi wa kituo chetu cha afya, akamupima damu ya kidole: sukari imepanda sana. Habari ikafika kanisani kabla yeye hajafika, na ndipo Kavira akamuuliza lile swali la kulamba na jicho. Ufunguo ukaenda kwa Kavira, pamoja na kazi ya kumuchunga mgonjwa.

Kavira alimuchunga kweli. Alifungua masufuria, akapekua chini ya kitanda, hata akamunusa mdomo kisha maombi kuisha. Hakukuta kitu, na sukari ya damu ikabaki juu. Ya sanduku ndiyo ilianza kushuka. Pétronille hakujitetea. Aliimba tu zaburi kwa sauti, zaidi zile za maadui.

Mwisho Kavira akamupeleka kwa Nicolas, siye tukiwafuata, kuishitaki mashini ya kupima. Nicolas akauliza kama alipata dawa mupya. Pétronille akakataa. Na sindano?

"Ile ni ya jicho," akajibu. "Mambo ya jicho niliachia muganga wa jicho."

Nicolas akashika kichwa. Akatueleza polepole kwamba dawa ya sindano ile inaweza kumupandishia mgonjwa sukari kwa siku kidogo, kisha inashuka. Mwenye kudungwa aseme, apimwe mara nyingi, asiache vidonge vyake.

Ikashuka kweli. Kwenye matanga iliyofuata wamama wakamuomba musamaha, wakamuuliza anataka tumufanyie nini. Akatutazama moja moja na lile jicho lililopona.

"Munirudishie ufunguo wangu," akasema. "Na Kavira afungue mdomo, nimunuse."